Namba Ilipanda, Pemba Ikapita

Nahodha wa kisa hiki nimemtunga, lakini bahari yake sikuitunga. Mlango Bahari wa Pemba upo pale pale kati ya Tanga na kisiwa, kina chake katikati kinafika karibu mita 800, na maji yake yanakwenda kaskazini mwaka mzima. Hesabu nitakazotoa mtu yeyote mwenye penseli anaweza kuzirudia. Nakisimulia kwa sababu vijana wanaopokea mashua kutoka kwa baba na wajomba zao wanaingia baharini na simu yenye GPS, imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kuning'inizwa mlingotini, na katikati ya kioo cha simu hiyo kuna namba moja kubwa inayozidi nyingine zote kwa ukubwa. Namba hiyo ni kasi. Macho ya kijana huganda hapo.

Basi tuseme ni mwezi wa Julai, kusi limeshika. Mashua ni ya mita 9, tanga moja, shehena ya viazi na vitunguu, inatoka Tanga kwenda Wete, kisiwani Pemba. Watu wanne chomboni. Nahodha ni kijana, na mmoja wa mabaharia ni ami yake, mtu mzima aliyevuka mlango huu tangu enzi za dira na jicho. Wamesukuma saa kumi na moja alfajiri, umande unavuma kutoka bara, bahari imelala.

Wete iko karibu mashariki kabisa ya Tanga. Ukiitazama ramani utasema elekeza omo mashariki, umefika. Mzee hakuitazama ramani.

"Nahodha, tujivute kusini kwanza na huu umande," alisema. "Tufike usawa wa Kigombe ndipo tuvuke. Kusi likiamka litukute tumeshajiweka."

"Ami, hiyo ni asubuhi nzima inapotea. Tazama hapa, tukishika kusini tunapata noti tatu tu."

Mzee aliitazama ile simu, akatazama maji, akarudi kwenye kamba zake. Chombo kina nahodha mmoja, na hakulelewa kubishana na nahodha mbele ya mabaharia.

Walipotoka nje ya ghuba jua lilikuwa limechomoza na kusi limeamka. Kijana akashika mashariki, nyuzi 90 kwenye dira. Mashua ilikuwa ikikata maji kwa noti 5. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani mita 1,852. Lakini simu haikusema 5. Ilisema 5.6, na kijana akafurahi kwamba chombo chake kinakwenda vizuri kuliko alivyodhani.

Hapa ndipo kisa chote kilipo, kwa hiyo tusikimbie.

Chombo kiko juu ya maji, na maji yenyewe yanasafiri. Anayetembea juu ya pantoni kutoka ubavu huu hadi ubavu ule, huku pantoni likisonga mbele, anasogea kwa njia ya mshazari ambayo miguu yake haikuichagua. Mashua ilikuwa inakwenda mashariki noti 5, na maji yaliyoibeba yalikuwa yanakwenda kaskazini, tuseme noti 2.5, ambayo kwa Julai si ajabu, maana kusi likikolea mkondo huu unaweza kufika noti 4. Ukijumlisha mwendo huo na huo, chombo kinapita juu ya ardhi kwa noti 5.6, kuelekea nyuzi 63, si 90. Ile nyongeza ya noti 0.6 iliyomfurahisha kijana haikutoka kwenye tanga lake. Ilitoka kwenye mkondo uliokuwa unamtoa njiani.

Na GPS haikudanganya. Inasikiliza setilaiti zilizo zaidi ya kilomita 20,000 juu, inapima jinsi mawimbi ya redio yanavyobadilika kwa sababu ya mwendo wa chombo, na tangu Mei 2000, Wamarekani walipoacha kuichafua kwa makusudi ishara wanayotumia raia, hata kifaa cha bei nafuu kikiwa mahali peupe hukosea kasi kwa kiasi kidogo sana. Ila kasi hiyo ni ya kupita juu ya ardhi. GPS haijui kwamba kuna maji. Haijui kama unasukumwa na tanga, na mkondo, au na vyote viwili. Shwari ikikuangukia katikati ya mlango wakati wa kusi, tanga likalegea kwenye foromali, usukani ukawa hauna uzito mkononi na nyuma ya tezi hakuna hata kovu la maji, GPS itaendelea kusema 2.5. Anayeijua bahari akiona hivyo hushtuka, kwa sababu hapo ndipo anapochukuliwa bila uwezo wa kujitetea.

Turudi kwa kijana wetu. Baada ya saa mbili alianza kuichezea namba. Sisemi kwa kumdharau. Kila anayeshika usukani na kuona namba mbele yake hufanya hivyo, hata wenye majahazi ya mashindano. Alilegeza demani kidogo, akaiachia omo ianguke hadi nyuzi 60. Upepo ukaja vizuri zaidi kwenye tanga, mashua ikakata maji kwa noti 5.5, na simu ikaruka hadi 7.1.

"Ami, saba!"

"Nimeona. Na Pemba umeiona?"

Pemba haikuwa inaonekana bado. Ni kisiwa cha vilima vifupi, hakijitokezi mapema.

Chukua penseli sasa. Alipokuwa anashika nyuzi 90, alikuwa anaikaribia Pemba kwa noti 5. Alipoanguka hadi nyuzi 60 na namba ikapanda hadi 7.1, alikuwa anakwenda mashariki kwa noti 4.8. Noti moja na nusu iliyoongezeka kwenye kioo yote ilikuwa ya kaskazini, na juu ya hiyo alikuwa amepoteza kidogo kwenye safari yake halisi. Baadaye aliiachia tena hadi nyuzi 45. Chombo kikakata maji kwa noti 6, simu ikaandika karibu 8, mabaharia wakapiga makofi, na mwendo wa kwenda mashariki ukashuka hadi 4.2.

Kila alipokosea zaidi, namba ilimpa zaidi. Hii ndiyo hatari ambayo ningependa kila mwenye chombo aielewe mpaka kwenye mifupa. Kifaa kibovu humtia mtu wasiwasi, akakiacha. Hiki kilikuwa kizima, kikisema kweli tupu, na kweli hiyo ilimwongoza kijana mbali na Wete hatua kwa hatua, kwa sababu alikiuliza swali lisilo lake. Aliuliza ninakwenda kasi gani, wakati safari ilikuwa inauliza ninaikaribia Wete kwa kasi gani.

Na ubaya ni kwamba njia sahihi ingempa namba ndogo. Ili kwenda mashariki kweli kweli katika mkondo wa noti 2.5, mashua ya noti 5 inabidi ielekeze omo nyuzi 120, yaani nyuzi 30 kusini mwa mashariki, ikiupinga mkondo kwa pembe. Ikifanya hivyo simu ingesema 4.3. Tena kusi likitoka kusini hasa, tanga letu la pembetatu haliwezi kukaza hivyo kwa raha, litapigapiga na chombo kitaanguka pembeni. Ndiyo maana mzee alitaka wajivute hadi usawa wa Kigombe wakiwa karibu na pwani, ambako mkondo kwa kawaida ni mdogo kuliko nje, na umande bado unawabeba. Angekuwa amenunua kusini mapema kwa bei rahisi, kisha akauacha mkondo umrudishe kaskazini wakati anavuka, na afike Wete bila kupigana na mtu. Noti tatu zile za asubuhi zilikuwa ndizo noti za thamani kuliko zote za siku ile.

Saa sita mchana Pemba ikaonekana. Haikuonekana mbele ya omo. Ilikuwa upande wa kulia, tena imeshaanza kubaki nyuma, mstari mwembamba wa kijani unaoishia kwenye ncha. Mzee alisimama, akashika mlingoti, akatazama kwa muda, akasema ile ni Ras Kigomasha. Kigomasha ni ncha ya kaskazini ya kisiwa, maili 11 au 12 kaskazini mwa Wete, na wao walikuwa wameipita kwa maili nyingine kama 11. Katika saa tano tangu watoke ghubani walikuwa wamesogea mashariki maili 24 na kaskazini maili 22. Mbele yao hapakuwa na kisiwa tena, ni Bahari ya Hindi.

Kijana alikaza demani akataka kupiga bisha kurudi kusini. Sijui kama kuna somo linalouma kuliko hili kwa mtu wa tanga. Omo inatazama karibu na upepo, tanga limejaa, povu linachemka kwenye hanamu, maji yanarukia ndani, mabaharia wanateka kwa ndoo, na simu inasema 3.7. Mtu aliyetazama simu peke yake angesema wanarudi taratibu. Lakini hesabu ni hii: chombo kinachokata maji kwa noti 4 kikiwa kwenye pembe ya nyuzi 65 na upepo kinapata kusini noti 1.7 tu, na mkondo unakinyang'anya 2.5. Walikuwa wanakwenda kaskazini kinyumenyume kwa karibu noti nzima, na namba iliyobaki yote ilikuwa ya kwenda ubavuni. Walipiga bisha mara mbili, na mara zote mbili Kigomasha ilizidi kuwa mbali.

Mzee ndipo alipotoa shauri lake la pili la siku ile. "Mwanangu, tugeuze. Kenya iko karibu." Hakumwita nahodha wakati huu. Wakageuza kuelekea magharibi, upepo ukaja ubavuni, na kabla ya magharibi wakaingia pwani ya Kenya kusini mwa Mombasa. Watu wote salama, vitunguu vimelowa, na maelezo marefu ya kuwapa maofisa wa nchi ya jirani kuhusu mashua ya Tanga iliyoandikiwa Wete.

Nimekifanya kisa kiishe vizuri kwa sababu nataka kisomwe mpaka mwisho. Lau Kenya isingekuwa karibu, au lau shwari ingeanguka usiku wakiwa kaskazini mwa Kigomasha, kingekuwa kisa kingine.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya mashua ndogo na mabaharia wasiosoma. Tarehe 10 Juni 1995 meli ya abiria Royal Majesty, ikitoka Bermuda kwenda Boston na watu zaidi ya 1,500 ndani yake, ilipanda juu ya fungu la mchanga karibu na kisiwa cha Nantucket, Marekani. Ilikuwa nje ya njia yake kwa maili 17. Uchunguzi ulionyesha kwamba waya wa antena ya GPS ulichomoka muda mfupi baada ya kuondoka Bermuda. Kifaa kilipokosa setilaiti hakikuzima. Kilianza kukisia: kilichukua mwelekeo kutoka kwenye dira na kasi kutoka kwenye chombo cha kupimia mwendo wa meli, kikajumlisha, na kuandika kwenye kioo mahali ambapo meli ingekuwepo kama pasingekuwa na upepo wala mkondo. Upepo na mkondo vilikuwepo. Kwa karibu saa 34 maofisa wenye vyeti walisoma namba safi, zenye desimali, huku herufi chache ndogo pembeni mwa kioo zikieleza kwamba hicho ni kisio. Hakuna aliyekufa, Mungu aliwastahi.

Royal Majesty iliishiwa kasi ya kweli juu ya ardhi ikadhani inayo. Kijana wa Tanga alikuwa nayo akadhani ni kasi ya chombo chake. Wote waliipokea namba bila kuiuliza imetoka wapi. Na kwa simu hatari ya kwanza ipo vilevile, kwa maana baadhi ya programu zikipoteza setilaiti hubakiza kwenye kioo namba ya mwisho kwa muda kabla ya kuonyesha kwamba hakuna kitu.

Dawa si kuitupa GPS baharini. Nasema hivi kwa nguvu kwa sababu wapo wazee wanaoichukia, na hawatendi haki. Usiku wa giza, au mvua ya masika ikiziba pwani, kifaa hiki kimewatoa watu kwenye miamba ambayo jicho la mtu yeyote lisingeiona. Zaidi ya hapo, kimempa nahodha wa kawaida kitu ambacho babu zake hawakuwahi kuwa nacho: uwezo wa kuupima mkondo wenyewe papo hapo, akiwa safarini. Kinachotakiwa ni kipimo cha pili cha kukiweka kando yake, na kipimo hicho hakiuzwi dukani.

Wazee walikiita kutia batli. Chukua kipande cha kumvi la nazi, kilichoshiba maji kidogo ili kielee chini na upepo usikisukume. Mtu mmoja akae omo, akitupe mbele kidogo pembeni mwa chombo, aseme "sasa" kinapopita usawa wake. Mwingine akae tezi na saa, ahesabu sekunde mpaka kimfikie. Urefu wa chombo kwa mita ugawe kwa sekunde, kisha zidisha karibu mara mbili (1.94 kwa anayependa usahihi), unapata noti. Mashua ya mita 9 ambayo kumvi limeipita kwa sekunde tatu na nusu inakata maji kwa noti 5. Rudia mara tatu, chukua wastani, maana kidole kwenye saa hukosea na wimbi huharakisha au huchelewesha. Kazi yote haizidi dakika tano.

Sasa una namba mbili. Kumvi linasema 5, GPS inasema 5.6. Halafu tazama pande: dira inasema omo iko nyuzi 90, na GPS, ukiibadilisha ukurasa, inasema unapita njia ya nyuzi 63. Tofauti ya kasi peke yake ingeweza kukupoza ukasema ni kitu kidogo, noti 0.6 tu. Tofauti ya pande, nyuzi 27, ndiyo inayopiga kelele. Anayechora mistari miwili kwenye karatasi, mmoja wa mashariki wenye urefu wa 5 na mwingine wa nyuzi 63 wenye urefu wa 5.6, akaziunganisha ncha zake, ameuchora mkondo: noti 2.5, kwenda kaskazini. Kijana wetu angejua hayo saa moja asubuhi, Tanga ikiwa bado inaonekana nyuma yake na umande haujafa kabisa.

Kwa wasiopenda kuchora kuna njia fupi, nayo imo ndani ya kifaa chenyewe. Weka Wete kama kituo cha safari. GPS itaonyesha upande Wete iliko kutoka ulipo, na upande unakopita kweli. Pande hizo mbili zikilingana, unakwenda Wete, iwe kwa noti nane au mbili. Zikiachana, hauendi Wete. Vifaa vingi pia vinaweza kuonyesha kasi ya kukikaribia kituo, na hiyo ndiyo namba iliyostahili kuwa kubwa katikati ya kioo. Ningeshauri kila anayenunua kifaa akae nacho kwanza nchi kavu jioni moja, apange ukurasa wake: upande wa kituo juu, njia inayopitwa chini yake, kasi ya kukikaribia kituo ya tatu, na ile kasi tupu aipeleke mwisho au aiondoe kabisa.

Mkondo wenyewe haukai vilevile. Kaskazi ikiingia, kuanzia Novemba hadi Machi, unapungua sana, na anayevuka Januari kwa hesabu za Julai atajikuta ameangukia kusini mwa anakokwenda. Karibu na mapwani na kwenye milango ya visiwa, maji kujaa na kupwa yana mambo yake, hasa wakati wa bamvua. Hakuna mwalimu atakayekupa hayo kwa kila fungu na kila ghuba. Lakini daftari la shule la kurasa 48 linatosha: tarehe, mwezi mwandamo uko siku ya ngapi, mahali, upepo, kumvi limesema ngapi, GPS imesema ngapi, dira upande gani, njia upande gani. Mistari miwili kwa kila safari, iandikwe chomboni kabla ya kushusha shehena, kwa sababu ukifika nyumbani mambo ni mengi na namba zinasahaulika.